Mtu wa Zheng na Mabuti ya Zainabu

Mwanangu, katika miaka yote niliyoishi hapa Toronto, ipo Jumamosi moja ambayo kila nikiikumbuka naona aibu na raha kwa pamoja. Siku hiyo fundi viatu mmoja wa Kichina aliniumbua mbele ya binti yangu, bila hata kupandisha sauti, kwa kisa cha mtu aliyekwenda sokoni kununua viatu. Nataka nikusimulie kwa sababu nasikia na wewe una mtu wako unayemsubiri, na karatasi zake ziko karibu kutoka. Kaa vizuri. Mimi hadithi sifupishi, na waliowahi kuniambia nifupishe wananijua.

Wakati huo nilikuwa sijafika miaka thelathini na tano na nilijiona najua kila kitu. Nilikuwa nakaa mtaa wa Rexdale, ghorofa ya kumi na moja, na nafanya kazi karibu na uwanja wa ndege, kwenye kiwanda cha kufungasha chakula cha abiria. Binti yangu Zainabu nilikuwa nimemwacha Korogwe kwa mama yangu mzazi, akiwa na miaka mitano. Baba yake tulikuwa tumeshaachana kwa amani, kila mtu na njia yake. Siku naondoka nilimwambia mama, "Mwaka mmoja tu, nitamchukua." Mwaka mmoja ukaleta mwingine, karatasi moja ikawa inadai karatasi nyingine, na Zainabu akafika darasa la tano mimi niko huku namsikia kwa zile kadi za simu za kukwangua.

Sasa, unaijua desturi yetu ya kupima mguu. Ukitaka kumnunulia viatu mtoto aliye mbali hukisii, unaagiza kipimo. Mtoto anasimamishwa juu ya karatasi ya daftari, mtu mzima anapiga magoti na kuuzungushia mguu kalamu, mtoto anacheka kwa sababu kalamu inamtekenya, kisha karatasi inakatwa na kutumwa. Mama alinitumia kipimo cha mguu wa kulia wa Zainabu kwenye bahasha, na pembeni aliandika kwa mwandiko wake wa ngumbaru, "Huu ndio mguu wa mwanao, nunua vya nguvu."

Karatasi ile niliipenda mno. Picha za Zainabu nilikuwa nazo nyingi, lakini picha inaonyesha tu. Karatasi hii mguu wenyewe ulikuwa umeikanyaga. Nilitembea nayo kwenye pochi. Asubuhi nikiwa kwenye basi la barabara ya Kipling kwenda zamu, watu wamesinzia na makoti yao, mimi naitoa na kuiwekea kiganja juu yake. Ilinipa nguvu kuliko chai.

Visa ilipotoka, kama mwaka na nusu baada ya karatasi ya mguu kufika, nilikwenda dukani kumnunulia mabuti ya theluji. Nilichagua ya zambarau, yenye manyoya ndani. Nilitumbukiza karatasi ndani ya buti, nikaona imeenea na nafasi ya kidole kizima imebaki kwa ajili ya kukua. Nilijipongeza kwa akili hiyo. Muuzaji aliniuliza kama mtoto atakuja kujaribu. Nikamjibu kwa madaha, "Hakuna haja. Nina kipimo."

Zainabu alifika mwezi wa Februari, na baridi ya siku ile sitaki hata kuikumbuka. Alitokea mlangoni pale uwanja wa ndege pamoja na mhudumu, amevaa raba za turubai na sweta la shule. Alikuwa mrefu. Nakiri nilimpita kwa macho mara mbili, namtafuta mtoto mfupi kuliko yule. Akasimama mbele yangu akasema, "Shikamoo." Hakusema mama, alisema shikamoo tu, kama unavyomwamkia mtu mzima uliyetambulishwa kwake sasa hivi.

"Marahaba mwanangu, marahaba!" nikasema, na machozi hayo. Nilipiga magoti pale pale sakafuni, watu wanapita na mizigo yao, nikamvua zile raba na kuanza kumvalisha mabuti. Mguu uligoma kwenye kisigino. Nikausukuma kwa kiganja ukaingia.

"Yanakutosha?"

"Yananitosha, mama. Asante."

Basi moyo wangu ukatua. Nilisema kimoyomoyo, unaona, mama yangu anajua kupima.

Wiki zilizofuata nilikuwa mama bora duniani, angalau kwa maoni yangu. Kila asubuhi nilimpikia uji wa ulezi wenye sukari nyingi, kwa sababu alipokuwa na miaka mitano alikuwa analia uji huo ukiisha. Nilimwita Kadogo. Nilimtandikia mashuka ya njano kwa sababu njano ndiyo iliyokuwa rangi yake. Nilimshika mkono kuvuka barabara ya Islington, nikampeleka kitandani saa moja na nusu, nikamwimbia. Na yeye, mwanangu, hakukataa hata kimoja. "Ndiyo, mama. Asante, mama. Nimeshiba, mama." Kwenye shughuli za Watanzania wenzetu nilikuwa nikitembea kifua mbele. Wenzangu walipolalamika kwamba watoto wa huku wanajibu watu wazima, mimi nilisema wangu hana neno.

Kulikuwa na jambo moja tu lililonikera: alikuwa anatembea polepole mno. Kutoka kwenye jengo letu mpaka shuleni ni mwendo mfupi, lakini tulikuwa tunafika kengele inalia. "Zainabu, unatembea kama bibi harusi," namwambia, "hapa watu wanakimbia!" Anasema, "Samahani, mama," anaongeza hatua tatu, kisha anarudi kwenye mwendo wake. Nikahitimisha kwamba ni baridi. Nikamwongezea soksi, za sufu, pea mbili kwa pamoja. Cheka tu, mimi mwenyewe siku hizi nacheka.

Jumapili moja mchana tulikuwa tunaongea na bibi yake Korogwe kwa simu. Nilimwachia Zainabu mkono wa simu, nikaenda jikoni kugeuza maharage. Niliporudi nilisimama nyuma ya mlango bila kukusudia, na nikamsikia anasema kwa sauti ndogo, "Bibi, niombee kwa mama nirudi. Hapana, hanipigi. Mama hana ubaya wowote. Nimechoka tu."

Mtoto wa miaka kumi na moja. Nilirudi jikoni nikashika kijiko cha maharage na sikujua nakifanyia nini. Miaka sita nilikuwa nimeishi kwa ajili ya mtoto huyu, na sasa nilikuwa naye chumbani kwangu na nilikuwa nampoteza. Hilo ndilo lililokuwa mbele yangu: kama Zainabu angerudi kwa bibi yake, angerudi na moyo wake wote, na mimi ningebaki kuwa yule mtu wa kwenye simu mpaka siku ya kufa kwangu. Sikumwambia kwamba nimesikia. Niliogopa jibu. Nilichofanya ni kuongeza dozi: uji mtamu zaidi, nyimbo zaidi, nikamnunulia hata kidoli.

Haikupita wiki, buti la kulia likaachia mshono pembeni. Nilikasirika kweli kweli. Nikasema vitu vya siku hizi ni takataka, nikamchukua Zainabu Jumamosi asubuhi, mabuti miguuni na raba zake za turubai mkobani, hadi kwa fundi.

Fundi huyo alikuwa na kibanda chake kwenye yale maduka madogo karibu na kituo cha basi, katikati ya dobi wa mashine na duka la mchele. Tulimwita Mzee Guo. Alikuwa na miaka sabini na kitu, amemfuata mwanawe huku, akakataa kukaa nyumbani kutazama televisheni, akafungua kibanda. Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga na changu vilevile, ndiyo maana tulielewana vizuri. Alikuwa na tabia moja: hakugusa kiatu mpaka amemtazama mwenye kiatu miguuni. Wateja wengine iliwaudhi.

Zainabu akavua buti lililoachia, nikamwekea fundi mezani nikaanza kulalamika. Yeye akatia mkono ndani, akapapasa taratibu, akausogeza ule mshono kwenye mwanga. Kisha akasema, "Kiatu hakina kosa. Mshono umesukumwa kutoka ndani." Akamwangalia Zainabu. "Vua na hilo lingine."

Zainabu akanitazama mimi kwanza. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mpaka leo watu wa nyumbani kwangu wananitania nalo. Nilifungua pochi kwa majivuno, nikatoa karatasi yangu, nikaikunjua mezani. "Hakuna haja ya kuvua," nikamwambia, "nina kipimo."

Mzee Guo aliitazama karatasi. Akamtazama mtoto, akarudi kwenye karatasi, halafu akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta kwa aproni. Mimi nimesimama tu, sijui nimefanya kichekesho gani. Akachukua kalamu nene ya kuwekea alama ngozi, akavuta kipande cha boksi, akaandika michoro minne ya Kichina, mmoja baada ya mwingine. Akaisoma: "Zheng ren mai lü." Akasema maana yake ni mtu wa Zheng ananunua viatu, na kwamba kwao kila mtoto wa shule anayajua maneno hayo manne.

Alinieleza kwamba Wachina wana misemo mingi ya namna hiyo, maneno manne tu, na nyuma ya kila msemo kimekaa kisa kizima. Ukitaja yale manne, msikilizaji anakumbuka kisa chote. Akaniambia, "Mfasirie mtoto. Ninataka na yeye asikie." Kwa hiyo, mwanangu, kisa kile kilipita mdomoni mwangu mwenyewe. Yeye anasema sentensi kwa Kiingereza chake, mimi naigeuza kwa Kiswahili.

"Zamani sana," nikamwambia Zainabu, "huko China kulikuwa na nchi ndogo ikiitwa Zheng. Mtu mmoja wa nchi hiyo alitaka viatu vipya. Akachukua uzi, akaupima mguu wake vizuri, halafu akauweka ule uzi pale alipokuwa amekaa."

"Ehe," akasema Zainabu. Nilishtuka kidogo, maana hakuwahi kuniitikia ehe tangu afike.

"Siku ya soko akaondoka mbio mbio, uzi akausahau nyumbani. Akafika sokoni, akapata viatu vizuri, ameshavishika mkononi kabisa. Akaanza kujipapasa. Akasema, 'Lo, nimesahau kipimo!' Akavirudisha, akakimbia nyumbani kukifuata."

Zainabu akakunja uso. "Si angejaribu tu mguuni?"

Nilimfasiria Mzee Guo swali hilo, na mzee akapiga meza kwa furaha. "Ndilo alilouliza mtu wa barabarani!" akasema. "Aliporudi sokoni soko limefungwa, hakuna viatu. Mtu akamwuliza, kwa nini hukujaribu mguuni? Akajibu kwamba yeye anaamini kipimo, mguu wake hauamini."

Hapo Zainabu akacheka. Kicheko cha kweli, cha kuinamisha kichwa, nilichokuwa sijakisikia tangu akiwa na miaka mitano. Nami nikacheka kwa sababu yeye amecheka, nikasema kwa Kiingereza, "Mtu huyo alikuwa mjinga kabisa."

"Kila anayesikia husema hivyo," akajibu Mzee Guo, akaitazama karatasi yangu.

Mwanangu, nilihisi joto likinipanda kutoka shingoni, ndani ya koti langu zito. Mzee hakunionea huruma. Akaiweka karatasi chini, sakafuni, akamwonyesha Zainabu kwa ishara avue. Zainabu akavua buti lililobaki, akavua soksi ya kwanza na ya pili, akaukanyagisha mguu wake wa kulia juu ya ule mchoro. Vidole vyote vitano vilikuwa nje ya mstari. Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi, na kisiginoni kulikuwa na kidonda kilichopona kikachubuka tena mara sijui ngapi. Wiki sita. Wiki sita nilikuwa namharakisha kwenye theluji, na yeye anasema samahani.

"Mama," akasema Mzee Guo, na sasa hakuwa anacheka, "mguu uko hapa."

Nilipiga magoti kwa mara ya pili mbele ya mtoto yule. Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

Akachezea ile soksi. "Ulifurahi sana, mama. Pale uwanjani ulifurahi mpaka ukalia. Na bibi alisema nisikusumbue, kwa sababu umehangaika sana kunileta." Basi nikalia tena, na Mzee Guo akajifanya anatafuta gundi chini ya meza.

Alipojitokeza alituletea vibao vya kukalia na akanieleza sehemu ya kisa ambayo watoto wa shule hawaijali. Mwanachuoni aliyekiandika, zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, hakuwa anashughulika na viatu. Aliwalenga wasomi na wakubwa wa wakati wake, waliotaka kuendesha nchi kwa maneno ya wafalme waliokufa zamani, huku wakikataa kuwatazama watu wanaoishi mbele yao. Walikuwa wamekariri kipimo wakasahau mguu. Mpaka leo, akasema, kwao mtu akishikilia kanuni au kitabu wakati jambo lenyewe liko mezani na linapiga kelele, wanamtajia mtu wa Zheng. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe alipofika Toronto alimletea mjukuu wake suruali zilizoishia magotini. "Kwa hiyo najua uchungu wake," akasema.

Kisha akaikunja karatasi yangu vizuri na kunirudishia. "Itunze. Ni nzuri kwa kumkumbuka. Kwa viatu, lete mtoto." Na mabuti yale alikataa kuyashona. Alisema apewe mtoto ambaye yanamtosha.

Tulitoka pale Zainabu amevaa raba zake za turubai na mifuko ya plastiki juu yake, tukavuka hadi kwenye duka la viatu. Nilikaa kwenye kiti nikanyamaza, na kwangu kunyamaza ni kazi. Zainabu alijaribu pea saba. Ya kwanza alisema inatosha, kwa mazoea. Nikamwambia, "Tembea kwanza mpaka kule mlangoni urudi." Akaenda, akarudi, akasema kwa sauti ndogo, "Inabana hapa." Mwanangu, sijawahi kusikia lalamiko tamu kama lile. Akachagua mabuti meusi, mabaya, ya kiume. Nilijiuma ulimi nikayachukua.

Jioni ile, kabla sijapika, nilikaa naye mezani nikaanza kupima upya. "Uji unaupenda?"

"Siupendi."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu darasa la pili."

"Rangi ya njano?"

Akatikisa kichwa. Jina la Kadogo? Akatazama pembeni, nikaelewa. Kila jibu lilinichoma na kila jibu lilinipunguzia mzigo. Halafu nikauliza lile nililokuwa naliogopa. Nilimwambia nilimsikia akiongea na bibi. "Unataka kurudi, Zainabu? Niambie kweli, sitakasirika." Nilikuwa nadanganya kidogo hapo.

Akaangalia mabuti yake mapya pale mlangoni. "Sijui, mama," akasema.

Zamani kidogo ningelijaza lile "sijui" lake kwa maneno yangu. Ningemwambia unataka kukaa, wewe ni mwanangu, nakujua. Lakini nilikuwa nimetoka kwa Mzee Guo asubuhi ile ile. Nikasema, "Haya. Shule zikifungwa utakwenda Korogwe kwa likizo. Tiketi itakuwa ya kwenda na kurudi. Ukiwa kule utaamua, na utakachoamua nitakubali." Akanitazama kuona kama ni mtego. Haukuwa mtego.

Miezi iliyobaki kabla ya likizo tulianza kujuana. Niligundua anapenda pilipili, nami simudu pilipili. Niligundua anaogopa lifti na haogopi mbwa. Alinipinga mara ya kwanza mwezi wa Aprili, kuhusu nywele, na nilikwenda bafuni nikajicheka kwenye kioo kwa furaha, kisha nikarudi nikagombana naye ipasavyo. Mwisho wa Juni nikampeleka uwanja wa ndege. Safari hii yeye ndiye aliyenishika mkono.

Julai ile nyumba ilikuwa kimya mpaka nikawa naongea na friji. Nilipiga simu kila Jumapili na sikuuliza swali lile. Mama yangu aliniambia, "Mtoto anakula vizuri, anacheka," nami nikasema alhamdulillahi, na nikaumia, maana niliona ameshapata kwake. Jumapili moja ya Agosti Zainabu akachukua simu mwenyewe, hakuna hata salamu ndefu.

"Mama, nikirudi naomba usije tena kunisubiri getini shuleni. Nimeshakuwa mkubwa. Wenzangu wananicheka."

Nilikaa chini, kwenye sakafu ya jikoni. "Ukirudi," nikasema.

"Ndiyo, nikirudi. Umesikia lakini, mama? Usimame kule kwenye kona."

"Nimesikia mwanangu. Nitasimama kwenye kona." Nikalia na kucheka kwa pamoja, na yeye upande wa pili anauliza mama vipi, mama kuna nini. Amekulia hapa Rexdale mpaka akawa mtu mzima. Siku hizi ananijibu kwa Kiingereza nami namjibu kwa Kiswahili, tunabishana kwa lugha mbili na hakuna anayeshindwa.

Sasa nasaha zangu ni hizi, mwanangu, na nazitoa wazi ili usije ukasema hukuelewa. Unayemsubiri, awe mtoto, mke, mume au mzazi, hatashuka yule uliyemwacha. Umemtunza moyoni vizuri, na hilo ni pendo, silikatai. Lakini wakati wewe unamtunza, yeye alikuwa anaishi. Akifika, usimkimbilie na zawadi za mtu wa zamani. Mtazame. Mwulize, na ukimwuliza nyamaza umsikie. Akikwambia kila kitu kinamtosha, mwambie atembee kwanza. Heshima tuliyofundishwa ni nzuri, lakini mtoto mwenye heshima anaweza kuumia mbele yako na wewe unamsifu.

Na msifikiri nawasema wazazi peke yao. Ninyi vijana nanyi mna vipimo vyenu. Unampigia mama yako Dodoma au Mombasa unamwongelesha kama yule aliyekuagiza dukani, kumbe amezeeka, ameanza kuogopa ngazi, na anaona haya kukuambia. Mwulize naye. Hata nchi yenyewe, ukirudi kwa likizo usiidai iwe ile uliyoiacha, na hii unayoishi usiipime kwa uliyoahidiwa kabla hujaiona. Kumbukumbu ni mali yako, kaa nayo. Lakini unapotaka kumtendea mtu jema, anza na mtu mwenyewe aliye mbele yako, hata kama jibu lake litakuvunja moyo kidogo. Moyo unapona. Mimi wangu ulipona ndani ya mwaka ule ule.

Mwenyezi Mungu amfikishe salama huyo unayemsubiri. Akupe macho ya kumwona, na masikio yasiyochoka. Akujalie nyumba ambayo mtoto anaweza kukuambia hapana, akalala usingizi mzuri, na kesho asubuhi akakuambia tena. Amina.